Stenti ina miezi minane, jino linauma: niache dawa ya damu?

FundiWaKibuye, Kisumu
Jumapili, saa 3:20 usiku

Hamjambo wenzangu. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu, umri 56. Nimekuwa nikiwasoma humu kimyakimya tangu Februari. Leo naandika kwa sababu jino limeninyima usingizi na saa hizi sina wa kumuuliza.

Januari kwetu mafundi ndiyo mavuno. Mzazi analeta kitambaa jioni, asubuhi anataka sare. Siku hiyo nilikaa kwenye cherehani saa kumi na moja alfajiri, napanga marinda ya sketi, kifua kikaanza kubana. Hakikuchoma, kilibana, kama mkanda uliovutwa hadi tundu la mwisho. Mkono wa kushoto ukawa mzito, taya likauma, jasho likanitiririka hadi kwenye kitambaa cha wenyewe. Nikajiambia ni asidi, maana usiku nilikula mbuta wa kukaanga akaelea kwa mafuta. Nikamtuma kijana chemisti, akaniletea dawa nyeupe ya maji na omeprazo. Nikanywa, nikarudi kukanyaga mashine. Saa nne nikaenda kituo kimoja cha afya nikaambiwa ni vidonda vya tumbo, nikachomwa sindano, nikarudi kazini. Ndiyo, kazini. Saa nane mke wangu alileta chakula, akanitazama usoni, akaweka bakuli chini bila kusema neno, akatoka kusimamisha boda.

Hospitali walinipima umeme wa moyo. Daktari kijana akaisoma ile karatasi, akaniuliza maumivu yalianza saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na moja alfajiri. Akaangalia saa yake ya mkononi, hakunijibu.

Nilitundikiwa dawa ya kuyeyusha bonge la damu, siku ya tatu nikapelekwa Nairobi. Waliingilia kwenye kifundo cha mkono wa kulia, nikiwa macho, wakapanua mshipa wa mbele wa moyo kwa puto na kuacha stenti moja, kibomba cha wavu wa chuma kinachoushikilia mshipa uwe wazi. Nilipewa kadi yake: upana milimita 3, urefu milimita 28. Nikaipima kwa tepu yangu nikiwa kitandani. Inchi moja na kidogo. Tundu la kifungo cha shati ni kubwa kuliko upana wa huo mshipa uliotaka kuniua. Bima ililipa sehemu, kanisa likachanga, na ofaloki yangu, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke, ikauzwa. Sasa nampelekea jirani vitambaa anipigie pindo kwa shilingi ishirini, na pindo zake sizipendi.

Dawa nazipanga kwenye kisanduku cha bobini, kina vyumba saba, chumba kimoja siku moja. Aspirini na klopidogreli za kuzuia damu isigande, atovastatini ya kolesteroli, ya presha, ya kupunguza mapigo. Sijaruka hata siku moja. Basi maswali yangu ni haya.

Gego la chini limeoza hadi mzizi. Daktari mmoja wa meno amesema hawezi kuling'oa nikiwa na dawa mbili za damu, niache zote siku saba halafu nirudi. Nikamuuliza kijana wa chemisti, akasema usithubutu. Mke wangu ameshachukua kisanduku amekwenda nacho chumbani, anasema atanipa mwenyewe kimoja kimoja. Nimsikilize nani?

La pili, mteja wangu mmoja anadai stenti hudumu miaka kumi kisha inatolewa na kuwekwa nyingine, kama betri ya gari. Ni kweli? Na kama ni kweli, ofaloki nimeshauza, hiyo ya pili nitauza nini?

La tatu ni la watu wazima. Eko, ile picha ya moyo, ilionyesha moyo unasukuma asilimia 42 ya damu yake kila pigo. Je, mtu wa 42 anaishi kama watu? Ninamaanisha kazi, ngazi, na pia chumbani. Naona aibu kumuuliza daktari, ni msichana wa umri wa binti yangu.


Sista_Kliniki, Eldoret
Jumapili, saa 4:05 usiku

Pole sana kaka fundi. Mimi ni muuguzi, kliniki ya moyo ndiyo kazi yangu kwa miaka kumi na mmoja sasa. Nitajibu la jino kwanza kwa sababu hilo lina saa.

USIACHE. Mama watoto yuko sahihi, mwache akae na hicho kisanduku.

Sababu ni hii. Umewahi kuona mti wa boma uliopigiliwa seng'enge ukiwa mdogo? Ukirudi baada ya miaka, gome limeumeza waya, unaona unaingilia huku na kutokea kule. Mshipa hufanya hivyohivyo. Ngozi laini ya ndani inaota taratibu juu ya nyavu za stenti mpaka damu inapita bila kugusa chuma. Kabla haijafunika vizuri, damu inauona huo waya kama jeraha na inataka kuganda juu yake. Aspirini na klopidogreli ndizo zinazoizuia. Na stenti yako, kwa vile ni ya juzi, bila shaka ni ile iliyopakwa dawa ya kuzuia kovu, na dawa hiyo ikizuia kovu inaichelewesha na ngozi pia. Kwa mtu aliyepata mshtuko wa moyo kama wewe, kawaida ni dawa zote mbili kwa miezi 12, halafu daktari wa moyo anaamua moja isimame, mara nyingi klopidogreli, na nyingine iendelee maisha. Uko mwezi wa nane. Stenti kuziba ghafla ni nadra siku hizi, kwa mwaka wa kwanza ni chini ya mtu 1 katika 100 hivi, lakini miongoni mwa wanaozibwa wengi ni walioacha vidonge mapema. Na ikiziba haibishi hodi.

Jino moja linang'olewa vizuri tu mtu akiwa kwenye dawa zote mbili. Litatoka damu zaidi ya kawaida, basi. Daktari wa meno anabana kwa pamba nusu saa, anashona, akiwa nayo anaweka dawa ya kusukutua inayosaidia damu kushika. Litolewe asubuhi, mwanzoni mwa wiki, ili likisumbua kuna watu kazini. Piga simu kliniki yako ya moyo kesho, waombe barua fupi. Akikataa na barua ikiwepo, tafuta mwingine.

Na maumivu baada ya hapo ni paracetamol. Brufeni na diklofenaki zikae dukani. Kwa mtu wa stenti zinaongeza hatari ya moyo na ya kutokwa damu tumboni, na huku kwetu zinauzwa kama peremende.

Halafu nina swali. Bado unameza ile omeprazo?


FundiWaKibuye
Jumapili, saa 4:11 usiku

Kila usiku sista. Ina shida?


Sista_Kliniki
Jumapili, saa 4:30 usiku

Ina ugomvi na klopidogreli. Klopidogreli inaingia mwilini ikiwa imelala, ini ndilo linaloiamsha, na omeprazo inaushika mkono ule unaoiamsha. Marekani walitoa onyo kuhusu hilo tangu 2009. Usiikate tumbo likabaki bila kinga na dawa mbili za damu, la. Mwambie daktari akubadilishie, pantoprazo ndiyo tunayoipendelea. Liandike kwenye karatasi ileile ya jino.

La betri ya gari: si kweli. Stenti haitolewi. Hata ukitaka itolewe haitoki, mti umeshaimeza. Inakaa hadi kaburini. Kinachoweza kutokea ni mshipa kuwa mwembamba tena ndani yake. Enzi za puto tupu ilitokea kwa karibu mtu mmoja kati ya watatu, na ndani ya miezi sita tu. Stenti za chuma zisizo na dawa zikaishusha hadi watu 20 au 30 kwa 100. Hizi zenye dawa, zilizoenea baada ya 2003, ni chini ya 10. Baada ya mwaka wa kwanza shida zinazotokana na stenti yenyewe zinaendelea kidogokidogo, kama watu 2 kwa 100 kila mwaka. Haifiki sifuri, lakini hakuna tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye chuma.

Ukiniuliza mimi kipi kinasema zaidi kuhusu miaka yako, sitaanza na stenti. Nitaanza na hiyo 42. Kawaida ni 55 kwenda juu. Zile saa tisa ulizokuwa ukikanyaga cherehani, nyama ya moyo ilikuwa inakufa kwa njaa ya damu, na sehemu iliyokufa hakuna puto linaloifufua. Lakini sehemu nyingine huwa imezimia tu na huamka baada ya wiki kadhaa, ndiyo maana eko hurudiwa baada ya miezi mitatu hivi ya dawa. Yako ilirudiwa lini? Kama ni ile ya Januari peke yake basi hujui unasimama wapi. Na watu wa 42 nawaona kila Alhamisi, wengine wanakuja kliniki kwa baiskeli.

La chumbani usilionee aibu, huulizwa kila wiki, ila wanauliza wakiwa wameshika kitasa cha mlango wanaondoka. Ukipanda ngazi za ghorofa mbili kwa mwendo wa kawaida bila kifua kubana, ruhusa unayo. Ila nisikilize vizuri: kama ulipewa kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, usiguse kabisa vidonge vya nguvu za kiume vinavyouzwa stendi. Viwili hivyo vikikutana presha inaporomoka na mtu haamki. Huyo daktari msichana amesomea hayo, mwambie.


Mkulima_Bgm, Bungoma
Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Ndugu yangu hizo kemikali zitakula ini. Mjomba wangu alitumia kitunguu saumu, tangawizi na limau, akachemsha, glasi moja asubuhi, mishipa ikafunguka bila waya wowote. Hospitali ni biashara.


Mwalimu_Mstaafu54, Nakuru
Jumatatu, saa 3:40 asubuhi

Mkulima, mjomba wako na aendelee kunywa, na wewe mpeleke akapimwe. Nitakujibu huko chini kwa sababu na mimi niliwahi kunywa hiyo glasi.

Fundi, pokea salamu kutoka London. Hii ya Nakuru, si ile ya Mfalme. Nilifundisha jiografia miaka thelathini na minne, nina stenti mbili, ya kwanza ya 2013. Kwa hiyo swali lako la miaka kumi nalijibu kwa mwili.

Yangu haikuja kwa kishindo kama yako. Nilikuwa nawapandisha wanafunzi wa kidato cha pili mlima Menengai, kuna mahali njia inainuka kweli, kifua kikabana. Nikasimama kama ninayewaonyesha mandhari, nikaongea habari za kasoko, lile shimo la volkano, kwa dakika tano, kikaachia. Nilitumia ujanja huo mihula mitatu. Watoto walidhani mwalimu anapenda sana mandhari. Mwisho nikaenda kupimwa, mshipa wa mbele umeziba asilimia 80, nikawekewa stenti, na kweli maumivu yakakoma siku hiyohiyo. Nikajiona nimepona. Shika neno hilo, kwa sababu ndilo lililoniponza.

Miaka baadaye nikasoma utafiti mmoja uliotoka 2007, wa wagonjwa 2,287 wa Marekani na Kanada, wenye maumivu yanayokuja wakijitahidi na kwenda wakipumzika, kama yangu ya Menengai. Nusu walipewa dawa na stenti, nusu dawa peke yake. Baada ya miaka kadhaa, waliokufa na waliopata mshtuko wa moyo hawakutofautiana pande zote mbili. Waliowekewa stenti walipata nafuu ya maumivu mapema zaidi, basi. Mwaka 2020 ukatoka mwingine mkubwa, watu zaidi ya 5,000, ukasema karibu yaleyale. Nilikasirika. Niliuza ploti kule Lanet! Kisha nikajiuliza mbona nimekasirika, nilitaka kupanda mlima bila kubanwa na nikaupata mlima wangu. Kosa ni kwamba mimi nilidhani nimenunua na miaka.

Kwako wewe ni tofauti, sista atanisahihisha. Mtu aliyeshikwa na mshtuko wa moyo, mshipa umeziba palepale, kuuzibua kunaokoa uhai, hilo halina ubishi. Lakini baada ya kuzibuliwa wewe na mimi tumeketi darasa moja.

Sasa kosa langu. Mwaka 2016 mapaja yakawa yananiuma. Rafiki akaniambia ni statini, dawa ya kolesteroli kama hiyo atovastatini yako, inakula ini, achana nayo. Nikaacha. Nikaanza kitunguu saumu, tangawizi na limau, glasi moja asubuhi, bwana Mkulima. Sikumwambia daktari, nilikuwa nakwenda kliniki nikiitikia kwa kichwa kama mwanafunzi ambaye hajafanya zoezi. Miaka mitatu. Mapaja yakapoa kweli, na mimi nikatangaza dawa yangu kanisani na sokoni. Mwaka 2019 kifua kikarudi, safari hii nikiwa nimekaa.

Nilipokuwa nimelala kwenye ile meza, daktari alinigeuzia skrini. Akanionyesha mshipa wa mbele: stenti ya 2013 iko pale, wazi, damu inapita kama maji kwenye bomba jipya. Akahamia mshipa wa kulia. Mwaka 2013 mshipa huo walikuwa wameandika "mabadiliko madogo." Sasa ulikuwa umebanwa kiasi kwamba rangi ile waliyoingiza ilipita kama uzi. Akasema, mwalimu, chuma chako hakikukosea. Nililia, na huwezi kujifuta machozi mkono mmoja umefungwa.

Ndipo nikaelewa kwamba walinitengenezea milimita 20 za bomba, na mabomba yangu ni mengi, na kilichoziba lile la kwanza bado kilikuwa kinatembea kwenye damu yangu yote. Dawa ya maumivu ya mapaja ilikuwa rahisi mno: wakanibadilishia statini ya aina nyingine, dozi ndogo kwanza. Hayakurudi. Sasa LDL yangu, yale mafuta mabaya ya kwenye damu, inatafutwa ikae chini ya 1.4, presha chini ya 130 kwa 80. Nina daftari. Mke wangu anaona nimerudi kusahihisha.

Mwisho nikupe mtu mmoja. Daktari wa kwanza kupanua mshipa wa moyo kwa puto, mgonjwa akiwa macho, ni Andreas Grüntzig, mjini Zurich, tarehe 16 Septemba 1977. Mgonjwa alikuwa Dolf Bachmann, mtu wa miaka 38. Hakukuwa na stenti wakati huo, zilikuja 1986. Hakukuwa na klopidogreli. Kulikuwa na puto tu, na kuvuta sigara aliacha. Miaka kumi baadaye wakampiga picha, mshipa uko wazi. Wakampiga tena baada ya miaka zaidi ya ishirini, uko wazi. Grüntzig mwenyewe alikufa 1985 kwa ajali ya ndege, mgonjwa wake akaendelea kuishi. Sisemi wewe utakuwa Bachmann. Nasema mteja wako wa betri ya gari aulizwe amesomea wapi.

Na natembea. Kila asubuhi nashuka hadi mjini, napanda tena. Mwanzoni nilikuwa nasimama mara nne, kwenye duka la kinyozi, kwenye mti, kwa fundi wa viatu, na kwenye kona. Sasa kwa fundi wa viatu nasimama kwa ajili ya maneno tu.


Binti_Ahero
Jumatatu, saa 7:50 mchana

Habari mzee fundi. Sijawahi kuandika humu. Baba yangu alikuwa dereva wa lori, aliwekewa stenti mbili. Alirudi kazini mwezi wa pili baada ya kuwekewa, ana nguvu, anacheka. Mwezi wa tatu dawa zikaisha, akasema atanunua mshahara ukitoka, siku chache tu, mbona anajisikia vizuri. Sisi tulikuwa tunajua bado anazo. Siku ya kumi na moja alianguka nyumbani kabla ya chai.

Nilikwenda baadaye kuuliza ile dawa iliyokosekana ni pesa ngapi. Shilingi 900 ya mwezi mzima. Tulikuwa tumechanga laki tano na nusu ya stenti.

Mama akikuficha kisanduku usimkasirikie.


Sista_Kliniki
Jumatatu, saa 2:10 usiku

Pole sana dada. Ahsante kwa kusema, najua si rahisi.

Niongeze la pesa hapohapo, kwa wote. Klopidogreli na atovastatini zisizo na jina kubwa zipo, zinafanya kazi, bei yake ni sehemu ndogo ya zile za boksi la kigeni. Mtu akiona fedha zinaisha aseme kliniki wiki mbili kabla. Tunaweza kubadilisha aina, tunaweza kuangalia bima inalipia zipi. Tusichoweza ni kusaidia mtu anayetuambia "naendelea vizuri." Nikikusikia ukisema naendelea vizuri naomba kuona pakiti tupu.

Mwalimu, uko sahihi kuhusu tofauti ya mtu aliyeshikwa na mtu wa Menengai. Nitaongeza tu kwamba mwenye kisukari na mishipa kadhaa iliyoziba mara nyingi anaelekezwa kwenye upasuaji wa kuunganisha mishipa mipya badala ya stenti nyingi. Utafiti wa 2012 ulionyesha wanaishi zaidi hivyo. Fundi, sukari yako ilipimwa?

Mkulima, kitunguu saumu weka kwenye mboga. Ni kitamu.


Mkulima_Bgm
Jumatatu, saa 2:32 usiku

Sawa. Nimempigia mjomba. Anasema hajawahi kupimwa chochote, alijua tu imefunguka. Nitamleta mjini wiki ijayo.


FundiWaKibuye
Jumamosi, wiki mbili baadaye, saa 12:45 jioni

Wenzangu, nimerudi na ripoti, na mdomo upande mmoja bado mzito kidogo.

Binti wa Ahero, nilisoma maneno yako mara tatu, ya mwisho nikamsomea mke wangu. Aliinuka akaenda kuhesabu vidonge. Vilikuwa vya siku tisa. Jumanne asubuhi alikwenda kununua vya miezi miwili kwa hela za sare za shule moja zilizokuwa zimetoka.

Kliniki niliwapigia Jumatatu ileile. Walinipa barua ya mistari minne: asiache aspirini, asiache klopidogreli, stenti ni ya Januari, piga namba hii ukiwa na swali. Daktari wa kwanza wa meno sikumrudia. Nilipata mwingine, mama mtu mzima, akaisoma barua, akanitazama juu ya miwani akasema "wewe ni wa nne mwezi huu." Akaniambia nije Jumatatu saa mbili, nikiwa nimekula na nimemeza dawa zangu zote.

Omeprazo nimebadilishiwa. Sukari ilipimwa, 5.6 kabla ya kula, wamesema tuiangalie. LDL ilikuwa 2.3. Nilifurahi nikidhani ni ndogo mpaka daktari msichana akachora mstari kwenye 1.4. Dozi ya atovastatini imepandishwa. Eko ya pili nimepangiwa Novemba. Sista, nilimuuliza na lile la chumbani. Sikushika kitasa, nilikuwa nimekaa. Alinijibu bila kutazama pembeni, mimi ndiye niliyetazama ukuta. Yale maelezo yako ya kidonge cha chini ya ulimi aliyarudia neno kwa neno.

Mwalimu, nimeanza kutembea. Kisumu haina mlima wa kumtishia mtu ukiwa huku chini, kwa hiyo natoka Kibuye hadi karibu na ziwa na kurudi, kabla jua halijakasirika. Ninasimama mara mbili. Moja ni kwa mama wa omena, na huyo sijui kama ni kifua au ni omena. Ameshaniambia atanikaushia zisizo na chumvi.

Sasa jino. Sindano ya ganzi, dakika kumi, likatoka vipande viwili. Damu ilikuja kweli, nilihisi joto lake hadi kooni, na nikawaza huu ndio mwisho wa fundi. Mama akabana kwa pamba, akaniambia niume, nikauma kwa dakika arobaini nikitazama saa ya ukutani. Kisha akashona. Hapo sikuweza kukaa kimya, nikamwashiria anipe kioo.

Mishono miwili, uzi mweusi, sindano iliyopinda kama ile ya kushonea godoro lakini ndogo. Amevuta kwa usawa, hajabana nyama ikakunjamana. Fundo amelizungusha mara mbili kabla ya kulikaza, sawa kabisa. Ila mikia ya uzi aliiacha mirefu. Nilipoweza kusema nikamwambia, daktari, mimi ningekata hapa. Akasema mikia ni ya kushikia wakati wa kuitoa, baada ya siku saba, na kama nina haraka na mkasi ataniletea pindo la suruali yake nyeupe, limefumuka.

Amelileta Alhamisi. Nimelipiga kwa mkono, ofaloki sina.